Mali bila Daftari: Shajara ya Maua katika Nyua za Kibera na Kawangware

Utangulizi

Neno "ua" katika Kiswahili limebeba maana zaidi ya moja. Ua ni sehemu ya mmea inayochanua, na wingi wake ni maua. Ua vilevile ni kitalu kinachozunguka nyumba, au uwanja uliomo ndani ya kitalu hicho, na wingi wake ni nyua. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha maana hizi: ua limechanua, ilhali ua umefagiliwa. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, maneno haya mawili huishi pamoja. Bustani kwa maana ya kiwanja kipana chenye nyasi ni nadra huko. Ua la huko humea uani: ndani ya mkebe wa rangi uliotobolewa kitako, ndani ya mtungi wa plastiki uliokatwa nusu, katikati ya tairi kuukuu, au kandokando ya ukuta wa mabati.

Makala haya yanakusudia kueleza namna maua hayo yanavyoweza kuchorwa na kupakwa rangi katika shajara ya maumbile. Aidha, yanadhamiria kuonyesha kwamba kazi hiyo ni ya lugha kwa kadiri ileile ilivyo ya brashi. Hoja inayotetewa ni kuwa picha ya ua isiyoandikwa jina, mahali na habari za aliyelipanda ni nusu ya kazi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maua ya mitaa hii ni mali ya aina hiyo, na majina yake vilevile.

Dhana ya shajara ya maua

Shajara ni daftari la kuwekea kumbukumbu za kila siku. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo shajara ni mti. Kwa hivyo, kuweka mimea katika shajara ni kulirudisha neno karibu na shina lake. Shajara ya maua hutofautiana na picha ya kutundika ukutani kwa jambo moja la msingi: mchoraji wa picha ya ukutani hutafuta kupendeza, lakini mwenye shajara hutafuta kujua. Ukurasa wake huwa na picha, tarehe, mahali, hali ya hewa, jina la mmea na maelezo mafupi ya yale aliyoyaona au kuambiwa.

Desturi hii ina historia ndefu. Maria Sibylla Merian, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1705 kitabu chake kuhusu wadudu na mimea ya Suriname, huko Amerika ya Kusini. Pamoja na picha, alinakili habari alizopewa na wanawake waliokuwa watumwa kuhusu matumizi ya mimea hiyo. Huko Uingereza, Edith Holden alijaza daftari lake la picha na maandishi mwaka 1906, akifuata miezi ya mwaka. Daftari hilo lilichapishwa mwaka 1977, miaka mingi baada ya kifo chake.

Nchini Kenya, jina linalotajwa zaidi ni la Joy Adamson, ambaye wengi humjua kwa sababu ya simba wake Elsa. Kabla ya Elsa, Adamson alikuwa mchoraji wa maua. Alifika Kenya mwaka 1937, akaolewa na mtaalamu wa mimea Peter Bally, naye akamhimiza kuchora mimea waliyoikuta safarini. Mwaka 1947 jumuiya ya kifalme ya bustani ya Uingereza ilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo.

Upande wa majina nao ulikuwa na watu wake. P. J. Greenway, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alichapisha mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa iliyokuwa Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Inaonekana basi kwamba picha za Adamson na majina ya Greenway yalikwenda njia mbili tofauti. Shajara inayopendekezwa hapa inayaweka mambo hayo mawili katika ukurasa mmoja.

Maua ya Kibera na Kawangware

Jina la Kibera lenyewe ni jina la mimea. Linatokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu, nalo lilitolewa na askari wa Kinubi waliopewa makao hapo na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya ishirini. Msitu huo umebanwa na nyumba, ila mimea haijatoweka. Tangu mwaka 2008, baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi, bustani za magunia zilienea Kibera kwa msaada wa shirika la Solidarités la Ufaransa: gunia hujazwa udongo na kutobolewa ubavuni ili sukuma wiki na mchicha vimee pande zote. Mwenye shajara asiyadharau maua ya mboga hizi. Sukuma wiki ikiachwa bila kuchumwa hutoa maua ya manjano yenye petali nne zilizopangika kama msalaba, na ua la boga ni kubwa kiasi cha kumfaa mchoraji anayeanza.

Kawangware, kwa upande wake, imepakana na Lavington, mtaa wa nyumba zenye bustani kubwa. Kibera nayo imepakana na uwanja wa gofu wa Royal Nairobi Golf Club, ulioanzishwa mwaka 1906. Wakazi wengi wa mitaa hii miwili huajiriwa kutunza bustani za wengine, na kipandikizi kinachopogolewa huko mchana huweza kufika nyumbani jioni kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Ndiyo maana bogonvilia, waridi na asumini huonekana milangoni pa nyumba za chumba kimoja. Mmea mwingine huja kwa basi kutoka mashambani, na mwingine huletwa na ndege au upepo. Asili ya mmea ni sehemu ya habari zake, na inastahili kuandikwa.

Hata brashi si ngeni huko. Kuta za vinyozi, saluni na vibanda vya chakula zimepambwa na mafundi wa mabango. Kikundi cha Maasai Mbili, kilichoanzishwa Kibera mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, kilitokana na ufundi huohuo. Wakati wa vurugu za mwaka 2008, mchoraji Solomon Muyundo, anayefahamika kama Solo 7, aliandika kwa rangi wito wa amani kwenye kuta na vibanda vya Kibera. Mtaa uliokwisha kuitumia rangi kwa jambo zito namna hiyo hauhitaji kufundishwa kwamba rangi ni lugha.

Vifaa na hatua za uchoraji

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: penseli, kifutio, brashi mbili (nyembamba na nene kidogo), rangi za maji na karatasi. Karatasi ya daftari la kawaida la shule haifai, kwani maji huipenya na rangi hutokeza upande wa pili. Karatasi ya manila ni nene zaidi na hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya vitabu. Hukatwa vipande vilivyo sawa, vikakunjwa na kushonwa katikati kwa uzi mgumu, kisha jalada likafanywa kwa kadibodi. Manila hujikunja ikilowa, kwa hivyo ukurasa ubanwe kwenye ubao kwa utepe wa gundi mpaka ukauke.

Hatua ya kwanza si kuchora, bali ni kubisha hodi. Ua lililo uani lina mwenyewe, na haifai kulichora kana kwamba linamea porini. Mgeni humsalimu mwenye nyumba, humwita mama fulani kwa jina la mwanawe kama ilivyo desturi, na huomba ruhusa. Mazungumzo yanayofuata mara nyingi huwa na thamani kuliko picha, kwa sababu hapo ndipo jina la mmea na asili yake hutajwa.

Hatua ya pili ni kutazama na kuhesabu. Petali ni ngapi? Majani yamekaa mawili mawili au yamepishana? Ua hufumbuka saa ngapi? Yapo maua ya mitambazi yanayofumbuka asubuhi na kusinyaa ifikapo adhuhuri, na mchoraji anayechelewa hukuta yamefunga. Kutazama kwa makini husahihisha mazoea. Watu husema kwamba ua la bogonvilia ni jekundu au la zambarau. Anayelichunguza hugundua kwamba sehemu zile zenye rangi ni majani yaliyobadilika, na kwamba ua lenyewe ni kijineli chembamba cheupe kilichojificha katikati. Vivyo hivyo, kishona nguo, gugu linalojulikana na kila mtoto aliyewahi kupita vichakani, huonekana kuwa na ua moja lenye kitovu cha manjano, kumbe kitovu hicho ni mkusanyiko wa maua madogo mengi.

Hatua ya tatu ni kuchora umbo kwa penseli bila kukandamiza, kuanzia mstari wa shina, kisha duara la ua, ndipo petali zikafuata. Hatua ya nne ni rangi. Rangi za maji hupakwa kutoka nyepesi kwenda nzito, kwa sababu iliyokwisha kukolea ni vigumu kuirudisha. Tabaka la kwanza huachwa likauke kabla ya kuongeza la pili. Ua jeupe, kama asumini, lina mtihani wake: halipakwi rangi nyeupe. Karatasi huachwa kama ilivyo, na majani yaliyo nyuma ndiyo hupakwa kijani kizito ili weupe ujitokeze.

Mfano mzuri wa ua linalodai subira ni lile lenye asili ya Brazili ambalo wataalamu huliita Brunfelsia, na ambalo hupandwa sana katika bustani za Nairobi. Siku ya kwanza huwa zambarau iliyoiva, siku ya pili hufifia, na siku ya tatu huwa jeupe, ilhali tawi moja laweza kuwa na rangi zote tatu. Mwenye shajara huligawa ukurasa wake mara tatu na kurudi uani humo siku tatu mfululizo. Kufikia siku ya tatu huwa si mgeni tena.

Rangi katika Kiswahili

Suala la rangi humleta mchoraji moja kwa moja katika lugha. Baadhi ya watu hudai kwamba Kiswahili ni maskini wa majina ya rangi. Dai hili halina mashiko. Ni kweli kwamba vivumishi vya asili vya rangi ni vitatu tu, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Hata hivyo, majina mengine ya rangi hupatikana kwa kulinganisha na vitu, na vingi kati ya vitu hivyo ni mimea. Kijani hutokana na jani, na kahawia na kahawa. Manjano ni kiungo cha mapishi, zambarau na chungwa ni matunda, na maji ya kunde ni mchuzi wa kunde zilizochemshwa. Rangi ya waridi ni ua lenyewe. Kwa hivyo, Mswahili anayepaka rangi tayari anapaka kwa mimea.

Shajara huupanua utajiri huu kwa kumlazimisha mwandishi kuwa mahususi. Maua ya mjakaranda, yanayotanda juu ya barabara za Nairobi kuanzia karibu na Oktoba, huitwa na wengi zambarau. Lakini tunda la zambarau lililoiva ni jeusi kuliko ua hilo. Aandike nini? Anaweza kuandika "zambarau iliyofifia", au "zambarau iliyoingiwa na samawati". Waridi lililokolea mpaka likakaribia weusi laweza kuelezwa kwa jina la kale, damu ya mzee. Kila maelezo ya aina hii ni zoezi la lugha ambalo kalamu ya insha ya kawaida haijawahi kulidai.

Majina ya maua

Fasihi ya Kiswahili ina bustani yake. Asumini, waridi, kilua, mkadi, mlangilangi na mrihani ni maua na mimea ya pwani, yaliyosukwa katika vikuba na makoja, na washairi wameyatumia kwa karne nyingi kusifu uzuri na kulalamikia mapenzi. Mwanafunzi wa fasihi anayelelewa Kawangware hukutana na kilua kitabuni kabla ya kukiona, naye huona kila siku mlangoni pake maua ambayo hajui kuyataja kwa Kiswahili. Pengo hili si dogo. Mtu asiyeweza kulitaja ua la kwao kwa lugha anayoandikia atazidi kuandika kuhusu maua ya kwingine.

Majina yanaweza kupatikana kwa njia kadhaa. Njia ya kwanza ni ya kueleza tabia ya mmea: kishona nguo limeitwa hivyo kwa kuwa mbegu zake hunasa kwenye vazi. Ya pili ni kuunganisha maneno, mfano gugumaji. Ya tatu ni kutohoa, na hapa ngeli husaidia, kwani kiambishi m- hutofautisha mti na ua lake: mwaridi na waridi, mlangilangi na langilangi, mjakaranda na jakaranda. Ya nne ni kutafsiri. Lile ua la siku tatu huitwa kwa Kiingereza kwa maneno yenye maana ya jana, leo na kesho, na anayetaka kuliita "jana-leo-kesho" hajakosea, mradi aandike kwamba hiyo ni tafsiri.

Njia ya tano, iliyo na manufaa zaidi katika mitaa hii, ni kuuliza lugha jirani. Mfano ni mmea wenye maua makubwa ya manjano yanayofanana na alizeti, Tithonia, ulioletwa kutoka Mexico na Amerika ya Kati na kuenea sana magharibi mwa Kenya. Waluhya huyaita maua hayo amalulu, na Wajaluo huyaita makech. Maneno yote mawili yana maana ya uchungu, kwa sababu ya ladha ya majani yake. Lugha mbili za koo tofauti kabisa, moja ya Kibantu na nyingine ya Kinailoti, zimelionja jani lilelile na kufikia jina lilelile. Watu wa jamii hizo mbili ni majirani Kibera. Ikiwa Kiswahili kitaliita ua hilo "ua-chungu", hakitakuwa kimebuni neno hewani, bali kitakuwa kimeyaafikisha majirani hao.

Tahadhari inahitajika. Mwenye shajara asijitungie jina na kuliandika kana kwamba watu hulitumia. Aandike nani alisema (mathalani, "mwenye nyumba, mzaliwa wa Busia"), na pasipokuwa na jina aache nafasi wazi. Nafasi iliyoachwa wazi kwa uaminifu ni bora kuliko jina la uongo.

Shajara na upotevu

Umuhimu wa daftari huonekana zaidi panapotokea upotevu. Mnamo Julai 2018, nyumba na shule zilibomolewa Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa, nyumba zilizokuwa kandokando ya mito katika mitaa kadhaa ya Nairobi zilibomolewa pia. Katika matukio kama hayo hesabu hufanywa ya nyumba, madarasa na, kwa huzuni, ya maisha. Hakuna anayehesabu mikebe ya maua. Hata hivyo, aliyemwagilia mwaridi wake kwa maji ya kununua kwa mtungi alikuwa amewekeza kitu pale, na kitu hicho hakina risiti. Ukurasa wenye picha, tarehe na mahali hauwezi kuzuia tingatinga, lakini huthibitisha kwamba palikuwa na ua, na uani palikuwa na mtu.

Ni vyema kutambua pia kwamba shajara ya kweli haisifu tu. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kando ya Kibera, liliwahi kuwa mahali pa kuendeshea mashua za matanga. Kufikia miaka ya mwanzo ya karne hii, lilikuwa limefunikwa na gugumaji lililostawi kwa uchafu ulioingia humo. Ua la gugumaji ni la kuvutia mno: petali zake ni za zambarau nyepesi, na ile ya juu ina doa la manjano lililozungukwa na samawati. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mchoraji alipake rangi jinsi lilivyo, kisha aandike chini yake lilichofanyia maji.

Hitimisho

Makala haya yameeleza maana ya shajara ya maua, historia yake kwa ufupi, na hatua za kuiandaa katika mazingira ya Kibera na Kawangware. Imebainika kwamba rangi na majina ni maswali ya Kiswahili kabla hayajawa maswali ya sanaa, na kwamba majibu yake yamo vinywani mwa watu waishio na maua hayo.

Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili, hasa wanaotoka katika mitaa hii, waanze na ua moja kila mmoja: lichorwe, lipakwe rangi, liandikwe jina katika lugha ya mwenyewe na kwa Kiswahili, pamoja na tarehe na uga lilikoonekana. Walimu wa shule za msingi wanaotumia mtaala wa umilisi wanaweza kuigeuza kazi hiyo kuwa somo la sanaa na la lugha kwa wakati mmoja. Kurasa 50 zilizokusanywa kwa uaminifu zitakuwa mwanzo wa orodha ambayo mtungaji wa kamusi ataihitaji, na ambayo mshairi wa Nairobi ataipekua siku atakapotaka kumsifu mpenziwe kwa ua alilowahi kulinusa mwenyewe.